Kusafiri Taratibu na Kula Chakula cha Asili Katika Miji ya Poland: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wasafiri wanaozungumza Kiswahili, wawe wanatokea Dar es Salaam na Nairobi au wanaishi Berlin na London, huuliza zaidi wanapopanga kwenda Poland kutembea bila haraka na kula wanachokula wenyeji.

Kusafiri taratibu maana yake nini, na kwa nini Poland?

Maana yake ni kukaa katika mji mmoja muda wa kutosha hata muuza mkate wa asubuhi akaanza kukutambua, badala ya kupita miji sita kwa siku saba na kurudi nyumbani na picha tu. Mtindo huu una jamaa zake walioandikishwa rasmi: mwaka 1999 ulianzishwa nchini Italia mtandao wa miji uitwao Cittaslow, wenye nembo ya konokono, unaopokea miji isiyozidi wakazi 50,000. Miji midogo ya kaskazini mwa Poland kama Reszel, Biskupiec, Bisztynek na Lidzbark Warmiński ilijiunga nao mwaka 2007. Hata hivyo msafiri hana haja ya kwenda mpaka huko, kwa kuwa Kraków, Poznań, Lublin na hata Warsaw yenyewe hutembeleka vivyo hivyo.

Sababu ya kuichagua Poland iko jikoni. Chakula cha nchi hii ni chakula cha kungoja. Unga wa supu ya żurek huachwa uchachuke siku nne au tano, kabichi hukaa kwenye chumvi kwa majuma, uyoga hukaushwa mwezi wa Septemba ili uliwe Desemba, na chungu cha bigos, yaani kabichi chachu iliyopikwa pamoja na nyama, soseji na uyoga, huhesabiwa kuwa kimeiva vizuri kikishapashwa moto siku ya pili na ya tatu. Mgeni wa siku mbili akila katika uwanja mkuu wa mji huletewa vyakula hivi katika sura yake ya haraka, na huondoka akisema kwamba Wapolandi hula kabichi na viazi tu.

Nikae siku ngapi, na katika miji mingapi?

Kwa mwenye majuma mawili, miji mitatu inatosha, na miwili ni bora zaidi. Pendekezo langu ni Kraków kwa siku sita, Lublin kwa siku tatu au nne, na zilizobaki Poznań au Gdańsk kutegemea kama unapenda viazi au samaki. Wengi huniuliza kuhusu Zakopane, mji wa milimani. Ni pazuri, lakini barabara yake kuu, Krupówki, hufurika watu kiasi kwamba ni vigumu kuita safari hiyo ya taratibu.

Panga chumba chenye jiko, hata likiwa dogo. Bila jiko, soko la asubuhi litakuwa la kutazama tu, ilhali nusu ya raha ya safari hii ni kununua matango yaliyochachushwa kutoka kwenye pipa, mkate wa rai (nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu wa ngano) na jibini nyeupe laini iitwayo twaróg, kisha kwenda kuvila chumbani kwako huku umevaa soksi.

“Bar mleczny” ni nini, na mtu huagizaje chakula humo?

Neno “bar” lisimtishe mtu, kwani pombe si biashara ya humo. Bar mleczny, yaani “bar ya maziwa”, ni mgahawa wa bei nafuu wa kujihudumia, na wa kwanza ulifunguliwa Warsaw mwaka 1896 na Stanisław Dłużewski, bwana mwenye mashamba na ng'ombe, ambaye aliuza vyakula vya maziwa, mayai na unga. Wakati wa utawala wa kikomunisti migahawa hii ilienea nchi nzima ili wafanyakazi wasiokuwa na kantini kazini wapate mlo wa moto. Baada ya mwaka 1989 mingi ilifungwa. Iliyobaki hupata ruzuku ya serikali kwa vyakula visivyo na nyama, na ndiyo maana sahani ya pierogi za jibini humo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya uwanja mkuu.

Utaratibu wake una ukali kidogo, na mgeni asiyeujua huweza kuhisi kwamba amekosea adabu. Unaingia na kupanga foleni. Ukutani kuna ubao wa majina ya vyakula, mara nyingi na uzito wa kila sahani ya chakula kwa gramu, na vile vilivyokwisha hufutwa au kuondolewa kadiri mchana unavyokwenda. Soma ubao ukiwa bado nyuma, kwa sababu ukifika mbele, mama aliye kwenye kaunta hangoji: utataja supu, chakula cha pili na kinywaji, utalipa, utapewa risiti. Risiti hiyo unaipeleka kwenye kidirisha cha jikoni. Ukisimama hapo utaona mvuke, masufuria makubwa ya aluminiamu, na mikono ikimwaga siagi iliyoyeyushwa juu ya sahani. Kisha jina la chakula chako hutajwa kwa sauti, na ni juu yako kulitambua. Unakaa popote penye nafasi, hata mezani kwa mtu mwingine, baada ya kuuliza kwa ishara. Mkulima aliyekuja mjini, mwanafunzi, mzee aliyevaa koti lake zuri na mwanasheria hukaa meza moja, na hakuna anayemtazama mwenzake. Ukimaliza, rudisha vyombo mwenyewe kwenye dirisha la pili. Kuacha sahani mezani ndilo kosa pekee litakalokufanya usemwe.

Kinywaji cha kuagiza ni kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa ambayo vipande vya tofaa au plamu hubaki chini ya glasi.

Pierogi ni nini, na nianze na zipi?

Ni kinyunya cha ngano kilichosukumwa, kikakatwa kwa glasi, kikatiwa kitu ndani, kikakunjwa umbo la nusu mwezi na kubanwa kingo kwa vidole. Mtu wa pwani ataona sambusa, lakini hizi hutoswa katika maji yanayochemka mpaka zielee. Neno lenyewe ni la wingi. Moja huitwa pieróg, ingawa hakuna anayekula moja.

Anza na ruskie, zenye viazi vilivyopondwa, twaróg na vitunguu vilivyokaangwa. Jina hilo halitokani na Urusi bali na Ruś, jina la kale la eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko magharibi mwa Ukraine, na tangu vita vya mwaka 2022 migahawa mingi imebadilisha jina na kuandika ukraińskie. Chakula ni kile kile. Baada ya hapo kula za kabichi na uyoga, kisha, kama ni Julai, zile za jagody, matunda madogo meusi ya msituni yanayoacha ulimi na meno rangi ya wino. Zilizopashwa moto kwa kukaangwa kwenye kikaango siku ya pili ni tamu kuliko zilizochemshwa leo; hayo ni maoni yangu, lakini sijakutana na Mpolandi aliyeyapinga kwa nguvu.

Supu za Poland zinanichanganya. Zinatofautianaje?

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu mlo wa Mpolandi huanza na supu, na supu ndiyo inayoonyesha mkono wa mpishi.

Żurek ni supu chachu. Unga wa rai hutiwa katika chungu au mtungi wa kioo pamoja na maji ya uvuguvugu, vitunguu saumu, jani la bay na punje za allspice, ukafunikwa kitambaa na kuachwa mahali penye joto. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu povu huanza kupanda na harufu hubadilika. Yeyote aliyekulia katika nyumba inayochachusha uji au kutengeneza togwa ataitambua kabla hajaambiwa. Siku ya tano kioevu cha juu kimekuwa kikali na safi, nacho ndicho humwagwa katika mchuzi, pamoja na soseji nyeupe, yai la kuchemsha na majani makavu ya majerani yaliyosuguliwa kati ya viganja. Asiyekuwa na muda hununua chachu hiyo katika chupa sokoni, na wanawake wa sokoni wanajua ni nani kati yao aliye na chupa nzuri.

Barszcz czerwony ni supu ya bitiruti, nyekundu na angavu kiasi cha kuona chini ya kikombe. Ile ya sikukuu huwa na vipande vidogo vya kinyunya vyenye uyoga ndani, viitwavyo uszka, yaani “masikio madogo”. Chłodnik ni ya kiangazi: bitiruti changa na majani yake, maziwa ya mgando, matango na shibiti mbichi, huliwa baridi, na rangi yake ya waridi huwafanya wageni wengi waisogeze pembeni kabla ya kuionja. Flaki ni supu ya utumbo wa ng'ombe, na kwa hii msomaji wa Kiswahili hahitaji mwalimu, isipokuwa kumwambia kwamba hapa hutiwa majerani na tangawizi, na kwamba ya Warsaw huongezewa vidonge vidogo vya nyama. Rosół, mchuzi mwangavu wa kuku na tambi, ni wa Jumapili.

Sili nyama ya nguruwe. Je, nitashinda njaa?

La, lakini uwe macho, kwani nguruwe huingia mahali usipomtarajia. Siku zangu za mwanzo, katika mgahawa mmoja mdogo, niliagiza ruskie nikiwa nimehakikishiwa kwamba hazina nyama, na ni kweli hazikuwa nayo ndani. Juu yake, hata hivyo, zililetwa zimenyunyiziwa vipande vya dhahabu nilivyodhani ni vitunguu. Vilikuwa skwarki, mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa. Kwa hiyo usiulize tu kuhusu kilichomo ndani. Sema “bez skwarek”, bila skwarki, na “nie jem wieprzowiny”, sili nguruwe. Pia kikombe cha kitu cheupe kinacholetwa bure pamoja na mkate na matango katika migahawa ya mtindo wa kijijini ni smalec, shahamu ya nguruwe. Kaszanka ni soseji ya damu. Żurek na bigos karibu kila mara huwa na nguruwe, na viazi au kabichi ya mgahawa huweza kupikwa kwa shahamu hiyo hiyo.

Kinachobaki ni kingi. Kuna pierogi za jibini tamu na za matunda, naleśniki ambazo ni chapati laini nyembamba zilizoviringishwa na twaróg, placki za viazi vilivyokunwa na kukaangwa (uliza mafuta), samaki wa maji baridi kama pstrąg na sandacz, heringi katika mafuta au katika krimu chachu, uji mkavu wa nafaka ya kahawia iitwayo gryka pamoja na mchuzi wa uyoga, na mizeria, kachumbari ya matango katika krimu. Na kiangazi, katika bar mleczny au nyumbani kwa mtu, kuna mlo ambao ungeweza kuliwa Arusha: viazi vipya vilivyochemshwa, siagi, shibiti, na bakuli la zsiadłe mleko, ambayo si kitu kingine ila maziwa yaliyoachwa yagande yenyewe.

Kwa Mwislamu mwenye siku mbili za ziada, kuna jambo ambalo wageni wachache hulijua. Mashariki mwa nchi, mkoa wa Podlasie, kuna vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki, vyenye misikiti ya mbao ya Watatari, Waislamu ambao mababu zao walipewa ardhi huko na Mfalme Jan III Sobieski mwaka 1679 kama malipo ya utumishi wao vitani. Chakula chao kikuu, pierekaczewnik, kinalindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2009: tabaka sita za kinyunya chembamba, kati yake nyama ya kondoo, ng'ombe au bata bukini, huviringishwa na kuokwa katika sufuria ya duara mpaka kifanane na gamba la konokono. Njia ya kufika ni kupitia mji wa Białystok, na mabasi ni machache, hivyo wengi hukodi gari.

Ni vyakula gani vinavyopatikana katika mji fulani tu?

Kraków ina obwarzanek, mkate wa mfano wa bangili. Nyuzi mbili za kinyunya husokotwa kama kamba, huungwa duara, hutoswa kidogo katika maji moto, ndipo zikaokwa na kunyunyiziwa chumvi, ufuta au mbegu za mpopi. Hesabu za jumba la Malkia Jadwiga za tarehe 2 Machi 1394 tayari zinautaja, na tangu mwaka 2010 jina lake linalindwa, kwa hiyo uliookwa mbali na Kraków na viunga vyake hauruhusiwi kuitwa hivyo. Huuzwa kwenye vigari vya kusukuma katika kila pembe ya mji. Nunua asubuhi. Jioni hiyo hiyo huwa mgumu, na wenyeji humalizia kwa kuuchovya katika chai au kuwapa ndege. Katika mtaa wa Kazimierz, pale Plac Nowy, vijana hupanga foleni usiku kuzunguka jengo la duara kwa ajili ya zapiekanka, nusu ya mkate mrefu wenye uyoga na jibini iliyoyeyuka. Si chakula cha kale, lakini ni cha kweli.

Lublin ina cebularz, mkate bapa wa ngano wenye vitunguu na mbegu za mpopi juu yake, uliolindwa mwaka 2014. Ulikuwa mkate wa waokaji wa Kiyahudi wa mji huo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wayahudi wa Poland walikuwa zaidi ya milioni 3, na wengi mno kati yao waliuawa na Wanazi. Mtaa wa Kiyahudi wa Lublin ulibomolewa, na leo anayetoka kwenye lango la mji mkongwe huona uwanja mtupu mahali nyumba zilipokuwa. Cebularz wanaendelea kuioka wengine. Nadhani haifai kuila huku ukidhani ni kitafunio tu.

Poznań ina rogal świętomarciński, mkate wa mfano wa mwezi mwandamo uliojaa mbegu nyeupe za mpopi, karanga na matunda makavu, ambao huliwa tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin na pia siku ya uhuru wa nchi. Halisi huwa na uzito wa kati ya gramu 150 na 250, na mwokaji lazima awe na cheti. Mmoja hushibisha watu wawili. Siku za kawaida kula pyry z gzikiem, viazi na jibini laini iliyochanganywa na vitunguu. Ukimaliza, nenda mbele ya jumba la manispaa ukaone mbuzi wawili wa bati wakitoka kwenye saa na kugongana pembe ifikapo saa 6 mchana. Watu wazima hujifanya wameleta watoto.

Toruń, alikozaliwa Copernicus mwaka 1473, ni mji wa pierniki, biskuti za asali na viungo, na ndani yake kuna karafuu, mdalasini na tangawizi, viungo vilivyofika Ulaya ya Kaskazini kwa safari ndefu kutoka Bahari ya Hindi. Katowice na miji ya Silesia ina mlo wa Jumapili wenye kluski, vidonge vya viazi vyenye kishimo katikati ili mchuzi upate pa kukaa. Oscypek, jibini la maziwa ya kondoo lililofukizwa moshi, ni la milimani Tatra na limelindwa tangu mwaka 2008. Kondoo hukamuliwa kuanzia Mei hadi mwanzo wa vuli, kwa hiyo “oscypek mbichi” unayouziwa Februari ni ya ng'ombe, hata muuzaji akiapa.

Msimu gani ni mzuri?

Kila mmoja una chakula chake. Mei na Juni kuna asparaga, mboga nyeupe inayochomoza kama vidole, pamoja na botwinka, supu ya majani machanga ya bitiruti, na baadaye stroberi zinazouzwa kwa vikapu. Julai na Agosti ni miezi ya jagodzianki, maandazi ya jagody. Septemba watu huingia msituni alfajiri kutafuta uyoga. Usiwafuate na kuokota mwenyewe usichokijua, bali nunua sokoni. Desemba ni baridi, na mwanga wa mchana Warsaw hudumu kwa takribani saa 8 tu.

Tarehe mbili zinafaa kupangiwa safari. Ya kwanza ni Alhamisi ya Mafuta, ya mwisho kabla ya Kwaresima, ambapo taifa zima hula pączki, maandazi yaliyojazwa jamu ya waridi, na foleni nje ya maduka ya mikate huanza kabla ya jua kuchomoza. Ya pili ni Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, familia zinapopeleka kanisani vikapu vya mayai, mkate, chumvi na soseji ili vibarikiwe. Jioni ya tarehe 24 Desemba, kinyume chake, si ya mgeni asiye na mwenyeji: migahawa hufungwa, na vyakula 12 visivyo na nyama huliwa majumbani, kukiwa na sahani moja tupu mezani kwa ajili ya atakayebisha hodi.

Watu hula saa ngapi?

Mlo mkuu, obiad, huliwa kati ya saa 7 mchana na saa 11 jioni. Bar mleczny nyingi hufunga mapema, na vyakula vizuri huisha kabla ya mlango kufungwa, kwa hiyo anayezoea kula usiku abadilishe saa yake au ajipikie. Jumapili maduka mengi makubwa hufungwa kwa sheria. Nunua mahitaji Jumamosi.

Nisafirije kati ya mji na mji?

Kwa treni. Kati ya Warsaw na Kraków treni ya kasi huchukua takribani saa 2 na nusu, na kati ya Warsaw na Gdańsk chini ya saa 3 kidogo. Treni za daraja la TLK na IC ni za polepole na za bei ndogo zaidi, na katika baadhi yake kuna behewa la chakula ambamo mayai hukaangwa kweli kweli, siyo kupashwa. Katika tramu za mjini, kumbuka kugonga tiketi ya karatasi kwenye mashine mara unapopanda, kwa sababu tiketi isiyogongwa huhesabiwa kuwa haipo, na mkaguzi hasikilizi hadithi ya ugeni.

Nisipojua Kipolandi nitaelewana nao vipi?

Vijana wengi mijini wanajua Kiingereza. Wanawake wa sokoni na wa bar mleczny hawajui, na hao ndio unaowahitaji. Jifunze kusema “dzień dobry” unapoingia popote, hata kwenye duka dogo, kwani anayeingia kimya huonekana hana malezi. Mtu mzima huitwa Pan akiwa mwanamume na Pani akiwa mwanamke. Msemaji wa Kiswahili aliyefunzwa shikamoo hatapata taabu kuelewa kwa nini. “Poproszę” hutangulia unachoagiza. Herufi ł husomwa kama w yetu, na w husomwa kama v. Sz ni sh, cz ni ch, na ó ni u.

Kuna mtego mmoja katika malipo. Ukimpa mhudumu noti na kusema “dziękuję”, yaani asante, anaweza kuelewa kwamba chenji ni yake. Mimi niliacha chenji za namna hiyo mara tatu kabla ya kuelezwa. Pokea chenji kwanza, shukuru baadaye, kisha acha bakshishi ya kama asilimia 10 ikiwa umehudumiwa mezani.

Nikialikwa nyumbani kwa mtu nifanyeje?

Nenda, hata kama ulikuwa na mpango mwingine. Wapolandi wana methali isemayo “gość w dom, Bóg w dom”, mgeni akiingia nyumbani Mungu ameingia. Peleka maua, idadi yake isigawanyike kwa mbili, kwani shufwa ni ya mazishi. Vua viatu mlangoni. Useme mapema usichokula, siyo mezani. Usishibe kwenye supu.

Je, kuna uhusiano wowote kati ya Poland na Afrika Mashariki?

Upo, na wenyeji wazee wakisikia unatoka Tanzania, huenda wakakutajia Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 Wapolandi waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na Kazakhstan na Wasovieti, wakaachiwa na kupitia Uajemi, walifikishwa Afrika Mashariki kwa meli. Karibu 5,000 kati yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha, na wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao ya Tengeru yapo mpaka leo.

Viza na fedha?

Poland imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2007, na raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji viza yake, inayoruhusu siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, pamoja na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen huingia kwa kibali hicho. Fedha ni złoty, siyo euro.

Nirudi nyumbani na nini?

Uyoga mkavu uliotungwa kwenye uzi kama shanga, ununuliwe sokoni, Stary Kleparz mjini Kraków au Hala Mirowska mjini Warsaw, na siyo uwanja wa ndege. Pierniki za Toruń hukaa miezi bila kuharibika. Nyama na jibini uziache, maana forodha za nchi nyingi hazizipokei. Obwarzanek haubebeki, ule palepale kwenye kigari, ungali na joto.